Asiyelionja Zao Lake Huliuza kwa Ulimi wa Mwingine



Msimu mzima tumekuwa tukipokea swali moja kutoka kwa wanachama wenzetu, na khasa kutoka kwa watoto wao waliohamia bara na kukaa Kibamba. Wanauliza hivi: Imekuwaje chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Italia, uliotengenezwa na mzee mmoja na wanawe katika kishamba kidogo cha mlimani, iuzwe kwa bei ya kilo kadhaa za karafuu kavu? Na imekuwaje sisi, ambao zao letu limejulikana ulimwenguni kwa miaka karibu 200, tungali twalipwa kwa uzito wa gunia tu, kama mtu auzaye mchanga wa kujengea? Mara ya kwanza tulidhani swali hili halituhusu. Tulipolitafakari, tumeona latuhusu kuliko mambo mengi tunayoyazungumza katika mikutano yetu.

Kabla ya kwenda mbali yatupasa tuseme neno moja waziwazi, ili asiwepo mtu wa kutufahamu vibaya. Walio wengi katika chama chetu hawanywi mvinyo, na dini yao imewakataza. Hatumwiti mtu yeyote kwenye bilauri, wala hatusifu ulevi. Tunachotaka kukitazama ni maarifa ya wakulima wadogo waliojifunza kulijua zao lao kwa macho, kwa pua na kwa ulimi, wakalipa jina, wakalilinda jina hilo, na jina likawalisha wao na watoto wao. Maarifa ya namna hiyo hayana uharamu, na mwenye shamba la mikarafuu anayahitaji kama mwenye shamba la mizabibu.

Tuanzie hapo Kibamba, kwani ndiko swali lilikotoka. Kibamba ni kata iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, ukishapita Mbezi na kabla hujafika Kibaha. Zamani ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Mtu akikaa kando ya barabara ile huiona biashara ya nchi nzima ikimpita mbele ya macho yake. Zabibu na mvinyo wa Dodoma hupita hapo kwenda mjini. Karafuu za milima ya Uluguru, kutoka upande wa Matombo na Mkuyuni, nazo hupita hapo. Ukiingia katika duka lolote la rejareja utaziona karafuu katika vifuko vidogo vya nailoni, vimefungwa fundo na kutundikwa pamoja na iliki, mdalasini na pilipili manga. Muulize muuzaji, “Hizi za wapi?” Atakujibu bila kufikiri, “Za Zanzibar hizo.” Huenda asema kweli, na huenda zimeshuka jana kutoka Morogoro. Yeye mwenyewe hajui, na mnunuzi hana njia ya kujua. Kifuko hakina jina la shamba, wala la kijiji, wala la mwaka.

Hatuwalaumu ndugu zetu wa Uluguru, ambao nao ni wakulima wenye taabu kama zetu na karafuu zao ni halali yao. Wala hatumlaumu mwenye duka. Twasema tu kwamba jina la visiwa vyetu linatumika kila siku kuuza kitu ambacho sisi wenyewe hatujakitia alama, na mtu mwingine ndiye anayeamua kipi kiitwe chetu na kipi kisiitwe. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ni wa kweli sokoni pale ambapo muuzaji na mnunuzi wanajuana kwa sura. Katika soko la leo, chema kisicho na jina hutiwa gunia moja na kibaya, na vyote viwili hupata bei ya kile kibaya.

Tazameni habari ya Dodoma. Zabibu iliingia huko kwa mikono ya Waitaliano, kwani mwaka 1957 wamisionari wa Kitaliano waliipanda Bihawana, karibu na mji wa Dodoma. Ardhi ile yenye ukame, ambayo watu wengi waliidharau, ilikubali mizabibu kupita matumaini, hata leo mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mtaliano kwao halijui. Ipo zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, kwa jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zao hilo. Hombolo kuna kiwanda kilichoanzishwa na Waitaliano. Kila kitu kipo: ardhi, jua, mbegu na watu wa kazi.

Lakini sehemu kubwa ya zao hilo huuzwa kwa jumla bila kutengwa. Zabibu za wakulima wengi husindikwa pamoja kuwa kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu, na mchuzi huo hununuliwa na viwanda vikubwa. Mkulima aliyepogoa vizuri, akazuia maji wakati ufaao na kuchuma zabibu zilizoiva sawasawa, humimina jasho lake katika tangi moja na la yule aliyewahi kuchuma kwa kuogopa wezi. Kiwanda kikijaa, zabibu humwozea mkononi, na mara nyingi tumewasikia wakulima wa huko wakilia hadharani kwa ajili ya jambo hilo. Hayo ndiyo yanayolipata zao zuri lisilokuwa na ulimi wala jina.

Sasa twendeni Italia kwenyewe. Kaskazini ya nchi ile, katika mkoa wa Piemonte, kuna vilima viitwavyo Langhe, karibu na mji wa Alba. Huko hulimwa zabibu nyekundu iitwayo nebbiolo, nayo hutoa mivinyo miwili yenye sifa kubwa, Barolo na Barbaresco, ambayo yote miwili imeitwa kwa majina ya vijiji. Tangu mwaka 2014 mashamba ya vilima hivyo yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na watu hutoka pembe zote za ulimwengu kwenda kuyaangalia. Lakini mtu asidhani kuwa watu wale walizaliwa katika neema. Katika miaka ya 1950 Langhe ilikuwa nchi ya ufukara. Vijana waliwaacha wazee wao juu ya vilima, wakashuka kwenda Torino kutafuta mshahara katika viwanda vya magari vya Fiat, au Alba katika kiwanda cha peremende na chokoleti. Wanachama wenye watoto waliopanga vyumba Kibamba, na huku nyumbani mikarafuu haina mchumaji, wataielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Mkulima mdogo wa Langhe siku zile aghalabu hakuwa na chupa wala pipa la biashara. Alichuma zabibu zake msimu wa baridi ulipokaribia, akazipeleka sokoni Alba, akakaa kuwangojea madalali na wanunuzi wa nyumba kubwa za biashara. Zabibu si kitu cha kungoja. Kila saa ikipita hunyauka, na mnunuzi alijua kuwa jua likianza kushuka mkulima hatakuwa na nguvu ya kukataa bei. Mnunuzi alikuwa na ulimi uliofundishwa; aliweza kutambua zabibu za mteremko huu na za mteremko ule, akazitenga kimyakimya ghalani kwake na kupata faida. Mkulima alijua kulima tu, na kujua kule kuliishia kwenye mizani.

Katika kijiji cha Barbaresco walikwisha kujaribu kujiokoa mapema. Mwaka 1894 bwana mmoja, Domizio Cavazza, aliyekuwa mkuu wa chuo cha kilimo cha mizabibu mjini Alba, aliwakusanya wakulima tisa wakatengeneza mvinyo wao pamoja na kuuita kwa jina la kijiji chao. Ushirika huo ulifungwa wakati wa utawala wa kifashisti. Hata mwaka 1958, padri wa kijiji, Fiorino Marengo, alipoona vijana wanakwisha na mashamba yanakuwa msitu, akawakusanya tena wakulima wadogo 19, wakaunda chama walichokiita Produttori del Barbaresco, yaani wazalishaji wa Barbaresco. Hawakuwa na kiwanda. Mavuno matatu ya mwanzo waliyatengeneza katika chumba cha chini ya kanisa.

Tungependa wanachama wautazame vizuri utaratibu wa chama kile, kwani ndio kiini cha maneno yetu. Mwanachama hupeleka chamani zabibu zake zote za nebbiolo. Haruhusiwi kuwauzia wengine zilizo nzuri na kukiletea chama mabaki. Zikifika hupimwa, na hulipwa kwa uzuri wake pamoja na uzito. Na miaka ikiwa mizuri, mvinyo wa mashamba tisa yenye sifa hutengwa, kila moja katika chupa zake na kwa jina lake: Asili, Rabajà, Ovello, Montestefano na mengineyo. Mwaka usipokuwa mzuri, chama huacha kabisa kutoa chupa za majina hayo, na mvinyo wote huingia katika chupa ya pamoja ya kijiji. Yaani wako tayari kupoteza faida ya mwaka mmoja ili jina lisichafuke. Leo chama kina wanachama zaidi ya 50 na mashamba yapatayo hekta 100 na ushei, na wajuzi wa mvinyo hukitaja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika bora kabisa duniani. Jina la shamba la ukoo, ambalo zamani lilijulikana na majirani tu, leo husomwa na mtu aketiye mezani New York au Tokyo.

Mtu atauliza, basi hao wajuzi huonja nini hasa, na je, si kiburi cha matajiri tu? Ni haki kuuliza, maana kiburi kipo. Lakini kuonja kwenyewe ni kazi yenye utaratibu. Kwanza hutazama rangi. Barolo si mweusi kama watu wanavyodhani. Ni mwekundu mwepesi, na kadiri anavyozeeka hugeuka kuwa kama rangi ya tofali kwenye ukingo wa bilauri. Pili huitikisa bilauri polepole ili harufu ipande, kisha hunusa kabla ya kuonja. Harufu ya nebbiolo huelezwa kwa maneno mawili ambayo ukiyasikia mara ya kwanza utacheka: waridi na lami. Tatu huutia mdomoni kidogo, wakauzungusha, na katika maonjo ya kazi huutema. Mwonjaji aliye kazini hanywi, kwa sababu akilewa hafai tena. Hapo hupima uchachu, na zaidi hupima ukakasi, ule ukavu unaoshika fizi kama mtu aliyetafuna embe changa. Mvinyo wa nebbiolo ukiwa mchanga una ukakasi mkali mno. Kwa sababu hiyo sheria ya Italia hairuhusu Barolo kuuzwa kabla ya miezi 38, na miezi 18 kati ya hiyo lazima ukae katika pipa la mti. Barbaresco hungoja miezi 26. Nne, na hili ndilo kubwa, hujiuliza: Je, ladha hii yatoka wapi? Mvinyo wa kijiji cha La Morra huwa laini, na wa Serralunga d'Alba huwa mgumu wenye kuhitaji miaka mingi, na huku zabibu ni ileile na vilima hivyo viwili vinaonana kwa macho. Tofauti iko katika udongo, katika jua la asubuhi au la jioni, na katika mkono wa mwenye shamba.

Na hapa pana jambo litakalowafurahisha wakulima wa karafuu. Miongoni mwa maneno ambayo waonjaji wa Ulaya huyatumia sana kuueleza mvinyo mwekundu ni karafuu. Wala si maneno ya kupamba tu. Katika mafuta ya karafuu kitu kinachotawala ni kile wataalamu wanachokiita eujenoli. Ndicho kinachotoa ile harufu yetu na ule ukali wa kufisha ganzi ulimi. Kitu hichohicho kimo katika ubao wa mti wa mwaloni, ambao Wazungu hutengenezea mapipa, na khasa pipa likichomwa moto kwa ndani. Mvinyo ukikaa humo huivuta harufu hiyo. Kwa hiyo mtu anayekaa Milano akasema, “Nasikia karafuu,” anaisikia kweli.

Tena harufu hiyo ilileta ugomvi. Katika miaka ya 1980 na 1990 wakulima wa Barolo walitengana makundi mawili. Kundi moja lilitaka mapipa madogo mapya kutoka Ufaransa, yenye kuupa mvinyo harufu ya vanila na ya viungo na kuulainisha mapema. Kundi la pili lilishikilia mapipa makubwa ya zamani, likasema kuwa pipa jipya humeza sauti ya zabibu. Elio Altare wa La Morra, baada ya kutembelea Ufaransa na kuona wakulima wenzake wanavyoishi vizuri, alichukua msumeno wa mashine mwaka 1983 akayakata mapipa ya baba yake. Babaye akamnyima urithi. Upande wa pili alikuwapo Bartolo Mascarello wa kijiji cha Barolo, ambaye hata alipofariki mwaka 2005 hakukubali pipa jipya kuingia ghalani kwake, na bintiye ameshika njia ileile. Baba na mwana wakagombana, ndugu na ndugu wakanuniana, juu ya harufu inayofanana na ile tunayoikanyaga majamvini kwetu kila msimu!

Sisi hatuamui nani alikuwa na haki. Tunachokiona ni kwamba pande zote mbili zilikuwa za wakulima, na zote mbili zililijua zao lao kwa undani kiasi cha kuweza kugombana juu yake. Na pande zote mbili zilipata bei nzuri, kwa sababu mnunuzi aliyependa hivi alijua pa kwenda, na aliyependa vile alijua pa kwenda. Tujiulize sisi: ni lini mara ya mwisho wakulima wawili wa karafuu wamebishana juu ya harufu ya karafuu zao? Twabishana juu ya bei, juu ya mizani, juu ya malipo ya wachumaji kwa pishi. Juu ya zao lenyewe tumenyamaza.

Wala tusisahau upande wa giza. Mwaka 1986 wafanyabiashara wachache wa Italia walitia methanoli, spiriti yenye sumu, katika mvinyo wa bei rahisi ili kuuongezea nguvu. Watu wapatao 20 walikufa, na wengine wakapofuka. Mauzo ya mvinyo wa Italia katika nchi za nje yaliporomoka, na wakulima ambao hawakuhusika hata kidogo walirudishiwa bidhaa zao. Walionusurika vizuri ni wale ambao chupa zao zilikuwa na jina la ukoo na la shamba, kwa kuwa mnunuzi aliweza kuwaambia mbali na wengine. Anayelowesha karafuu maji ili zizidi uzito, au anayechanganya makonyo humo akidhani hatajulikana, na asome habari hiyo mara mbili. Hatuui mtu, ni kweli, lakini twaua jina, na jina likifa hufa la wote.

Twajua majibu yatakayotolewa dhidi ya maneno haya, nasi tutayajibu kwa adabu.

La kwanza: Karafuu si kinywaji cha kuonjwa; huenda kwenye sufuria ya pilau, kwenye mafuta ya dawa, au Indonesia ambako huchanganywa na tumbaku ya sigara. Ni kweli. Walakini mwenye kukamua mafuta hupima mafuta, mwenye kutengeneza viungo hupima harufu na rangi, na wote wawili hulipa kwa walichokipima. Wao huonja, asiyeonja ni sisi. Na mpishi yeyote wa Kipemba ajua kuwa karafuu nne nzuri hushinda kumi zilizokauka bila mafuta.

La pili: Karafuu zetu huuzwa kwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, basi jina la shamba litatusaidia nini? Twajibu kuwa sheria ni sheria, na hatumshauri mtu avushe hata pishi moja kwa magendo. Lakini Shirika lenyewe hununua kwa madaraja, na anayelijua zao lake ataingia kituoni akijua daraja lake kabla hajaambiwa. Tena Shirika likiletewa magunia yaliyotengwa vizuri, yenye jina la bonde na tarehe ya kuanikwa, litakuwa na kitu cha kumwonyesha mnunuzi wa nje ambacho leo halina. Hatuwezi kuliomba lituuzie kwa jina ikiwa sisi wenyewe hatukuandika jina.

La tatu: Kazi hiyo ni kubwa na mkulima ni maskini. Hili ndilo zito, na hatulichezei. Lakini wale 19 wa Barbaresco walianzia katika chumba cha chini ya kanisa, bila kiwanda. Kilichowasaidia ni kukubaliana na kutazamana usoni.

Basi twaleta mashauri manne, nayo hayahitaji mashine.

Shauri la kwanza, kila tawi liweke meza ya kuonjea mwanzoni mwa msimu. Aletaye karafuu aweke kiganja kimoja katika sahani, bila jina lake kuonekana, na wenzake wazitazame. Karafuu njema ina rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kichwa kimekaa, mkia haukujikunja. Ivunjwe: iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio. Ibanwe kwa ukucha: mafuta yatoke. Itiwe katika bilauri ya maji: yenye mafuta huzama, au husimama kichwa juu, iliyokwisha mafuta hulala ubavu juu ya maji. Inuswe: iliyorundikwa ikiwa mbichi, ikachacha kabla ya kuanikwa, haiwezi kujificha. Mwisho itafunwe, na kila mtu aseme kwa maneno yake anachokisikia, kama ni utamu, ukakasi, uchungu au ganzi. Baada ya misimu miwili tutakuwa na maneno yetu wenyewe, ya Kiswahili chetu, ya kulisifia zao letu na kulikosoa.

Shauri la pili, tusichanganye. Karafuu zilizonyeshewa mvua jamvini ziwe mbali na zilizopata jua la siku zote. Za Mtambile zisitiwe gunia moja na za Ole. Huenda tukakuta hazina tofauti. Basi tutakuwa tumejua. Huenda tukakuta zina tofauti. Basi tutakuwa tumepata mali tuliyokuwa tukiitupa. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba imekuwa ghala kuu ya zao hili, na mpaka leo hatujapata kuandika bonde lipi latoa karafuu ya namna gani.

Shauri la tatu, kila familia iwe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Iandikwe siku ya kuchuma, siku za kuanika, mvua, mti wa zamani au mche mpya, na daraja lililopatikana. Wazee wengi wana habari hizi vichwani, nao wanatutoka mmoja mmoja.

Shauri la nne ni kwa ajili ya vijana wa Kibamba waliotuletea swali hili. Wao wako mahali ambapo mnunuzi wa mwisho anapita. Wao ndio wanaojua mama wa nyumbani wa Mbezi au Kibaha anauliza nini dukani, anakataa nini, na angelipa zaidi kwa ajili ya nini. Twawaomba watuandikie hayo kila msimu, kisha tawi lao litushauri kifuko chenye jina kiweje, ili chama kiyapeleke maoni hayo kwa Shirika na kuomba ruhusa inayopasa. Kijana aliyeondoka kwa sababu shamba halimlishi huenda akawa ndiye anayeliwezesha kumlisha mdogo wake aliyebaki.

Hapo Dodoma nako twasikia wapo wakulima na wasindikaji wadogo walioanza kutia mvinyo wao katika chupa zao wenyewe na kwa majina yao wenyewe. Twawatakia heri katika biashara yao, na twawaomba wanachama wetu wasingoje mpaka watuache nyuma.

Msimu mkubwa unakaribia. Majamvi yanashonwa, na wachumaji wanaanza kuulizia malipo. Kabla gunia la kwanza halijafungwa, kila mwenye shamba na achukue karafuu tatu za mti wake, azivunje, azinuse na kuzitafuna, kisha amwambie mwanawe alichokisikia. Meza za matawi zitafuata. Maoni yenu, ya kukubali na ya kupinga, yaleteni kwa makatibu wa matawi, nasi tutayachapa katika toleo lijalo.